Serikali Imefinduliwa

Kiti chenyewe kilikuwa cha mkuu wa stesheni. Treni zilipokoma kufika mji wa Nguru, reli ikaota majani mpaka mbuzi wakaipenda kuliko malisho, Malam Gambo, karani wa tiketi, alikibeba kiti kile kichwani mchana kweupe. Akakitua ng'ambo ya barabara, kwenye banda la Tanko muuza chai. Alipoulizwa alisema kiti kimestaafu pamoja naye, na kwamba kimemwomba wasitenganishwe.

Tangu hapo kila baada ya swala ya alasiri alikikalia, gilasi ya chai mkononi, na wenzake wakiwa mkekani chini yake, akawapakulia uongo. Aliwaeleza habari za kiboko aliyetoka ziwani kuja dirishani kwake kukata tiketi, akarudishwa kwa sababu alitaka daraja la kwanza. Aliwaeleza habari za mwaka wa joto kali, reli zikarefuka mno hata treni ikafika mwisho wa reli ikakuta imeiacha stesheni nyuma. Hakuna aliyeziamini, na hakuna aliyetaka zikome.

Lakini ngano zilizofanya chai ya watu ipoe ni zile za wenzake wa shule, aliolala nao bweni moja, na ambao baadaye walivaa magwanda wakaitawala nchi. Kulikuwa na Sule Tumbo, aliyewekwa kulinda sufuria ya maharage akailinda mpaka ikabaki nyeupe. Huyo alipewa jimbo zima kulitawala, na waliolala naye njaa usiku ule hawakuuliza jimbo limekwendaje. Kulikuwa na Audu, aliyeogopa kuoga hata ikabidi viranja wambebe juujuu mpaka bombani. Huyo akawa waziri wa maji. Nchi ilipokaukiwa magazeti yaliandika ukame. "Haukuwa ukame," Gambo alikuwa akisema, huku akipuliza chai. "Alikuwa Audu."

Na juu ya wote alikuwa Baana Zarami, aliyesoma tangazo la mapinduzi redioni, akawa gavana, akawa jenerali, jina lake likaandikwa kwenye barabara na kwenye hospitali ambayo haikumalizika. Huyo, alisema Gambo, ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kitanda cha juu na cha chini.

Sasa, mkekani pale alikuwapo Alhaji Inuwa, mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo ikakata. Inuwa hakuzipenda ngano za magavana, na alikuwa na sababu. Miaka ya majeshi alikuwa akinyoa ndevu asubuhi moja huku redio ikiwa dirishani, akasikia jina lake likisomwa pamoja na majina ya walimu wengine waliofukuzwa kazi kuanzia sasa hivi. Upande mmoja wa kidevu aliunyoa akiwa mwalimu mkuu, na wa pili akiwa raia kama mimi na wewe. Aliyesoma alikuwa gavana Zarami mwenyewe.

"Gambo," alisema Inuwa Jumatano moja, sauti ya darasani, "katika hao wenzako wote, kuna hata mmoja aliyewahi kukuletea salamu?"

"Salamu za wakubwa haziletwi, Alhaji. Zinasikika redioni."

Mkeka ukacheka. Inuwa akangoja kicheko kiishe, kama alivyokuwa akingoja darasa litulie.

"Njia ya mwongo ni fupi, bwana, na yako imefika stesheni ya mwisho. Jumamosi Zarami anakuja. Amiri wa mji anamvika kilemba cha cheo, maana mamake alizaliwa hapa. Mji mzima utakuwepo, na sisi tutakuwepo."

Gambo alipeleka gilasi mdomoni na kukuta ilishakwisha.

"Akikujua," Inuwa akaendelea, "kiti ni chako mpaka uzikwe nacho. Asipokujua, unashuka mkekani, na hizo hadithi za shule unazimeza. Hazitoki tena hapa."

"Na chai je?" akauliza Tanko, akiimimina kutoka kikombe kimoja cha juu hadi kingine cha chini bila kumwaga tone.

"Chai atakunywa. Mdomo wa kunywea hatujaukataza, tumekataza wa kusemea."

Watu walimgeukia Gambo. Angekuwa na akili angesema jenerali ni mzee, macho yamechoka, tumwache apumzike. Lakini mtu aliyeishi kwa mdomo hawezi kuufunga siku unapotakiwa.

"Atanijua," alisema. "Tena atashuka kwenye farasi."

Akaenda nyumbani. Kiti angeweza kukitoa, mbao na chuma tu. Lakini hadithi zile, katika uongo wote aliowahi kuuza, ndizo pekee zilizokuwa za kweli.

*

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Kaskazini kwao, kwa lugha ya nyumbani, f na p ni mtu na nduguye. Tumia huyu, tumia yule, mzigo utabebwa na utaeleweka. Taabu ilianzia shuleni, kwenye lugha ya serikali, ambayo p yake ni p na f yake ni f, na ukizichanganya mwalimu anakuchapa. Gambo alikulia Jos kwenye machimbo ya bati, akicheza na watoto wa kila kabila, kwa hiyo alifika shuleni ulimi wake umeshanyooka. Baana alifika kutoka kijijini hajui kama herufi hizo ni mbili.

Mwalimu wa lugha aliitwa Ezeilo, mtu wa mashariki, mpole mpaka asikie f mahali pa p. Alikuwa na unyoya wa kanga. Alimweka mwanafunzi mbele ya darasa, akamshikia unyoya mbele ya midomo, akamwambia sema. P ikitoka sawasawa unyoya unaruka. F inauyumbisha tu, kama mlevi. Unyoya wa Baana uliyumba mwaka mzima. Darasa lilicheka mpaka likaishiwa, na Baana, ambaye tayari alikuwa mrefu kuliko mwalimu, alisimama pale machozi yakimlenga.

Gambo ndiye aliyeuiba ule unyoya. Baada ya chakula walikuwa wakikaa kitanda cha chini, Gambo akiushika, Baana akisema. Gambo akamtungia na sentensi ya mazoezi: Paka wa fundi kapanda paa, kafuata panya, kapofuka. Baana akaisema hivi: Faka wa pundi kafanda faa, kapuata fanya, kafopuka. Gambo alicheka akaanguka sakafuni, na tangu siku hiyo Baana akawa Faka. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwita hivyo. Gambo aliruhusiwa kwa kuwa ni Mfulani na Baana ni Mkanuri, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Mmoja akimwita mwenziwe mtumwa, mwenziwe anamwambia wewe ndiye niliyekuuza, wanakula sahani moja.

Kwa hila ya unyoya Baana akafaulu. Alipokuwa peke yake bila unyoya aliinua karatasi karibu na midomo, akaiangalia kama inaruka.

Kisha jeshi likaja kuchagua vijana. Baana, Sule na Audu walipanda lori. Gambo hakupanda. Sababu aliyotoa bandani ilibadilika kila mwaka: mara buti zote zilikuwa ndogo, mara daktari aliusikia moyo wake akauogopa. Lakini ukweli ni kwamba siku ya kukimbia kuzunguka uwanja alimkuta ng'ombe anazaa nyuma ya jiko, ndama katanguliza mguu mmoja, na Mfulani hawezi kumpita ng'ombe hivyo. Alipomaliza kunawa, lori lilikuwa vumbi.

Miaka ikapita. Asubuhi moja, Gambo akiwa dirishani pake pa tiketi, redio ikapiga muziki wa kijeshi, na watu wa Nguru, ambao walishaacha kuhesabu mapinduzi, wakaanza kununua chumvi. Sauti nzito ikasema: "Ndugu wananchi. Serikali imefinduliwa. Mifaka yote imepungwa."

Abiria walisikiliza kwa hofu. Hakuna aliyecheka, maana wote walisema hivyo hivyo. Ni Gambo peke yake aliyeweka kalamu chini. Jina la msemaji lilikuwa bado halijatajwa. "Faka," alisema, na mteja aliyekuwa dirishani akadhani anatukanwa.

*

"Kwa nini hukumwendea alipokuwa gavana?" aliuliza mkewe, Kande, jioni ya kuamkia Jumamosi, akikunja kanzu aliyoiazima kwa shemeji. "Angekupa hata uchifu wa kuku."

"Shuleni hatukuombana vya sandukuni. Mtu akikupa, umepewa. Ukiomba, umekuwa kupe."

"Haya, kupe. Na kesho akikupita kama anavyopita nguzo?"

Gambo akainama kupangusa viatu. Kande akamtazama, akaacha kukunja.

"Baba Jauro. Hiyo habari ya unyoya, ni kweli?"

"Miaka arobaini umelala na mimi, hujui nikidanganya?"

"Najua ukidanganya. Unakuwa mchangamfu. Leo umenyamaza tangu adhuhuri, ndiyo maana naogopa." Akamtupia kanzu. "Nenda ukasimame mbele. Na usiseme habari za kiboko."

*

Uwanja wa Amiri ulijaa tangu mapema. Farasi walivikwa mapambo mpaka wakabaki macho, tarumbeta ndefu zililia, ngoma zikajibu. Gambo alikuja na mkeka mzima wa Tanko nyuma yake, kama bwana harusi aliyeletwa na wadai. Inuwa alikuwa na kanzu mpya nyeupe.

Jenerali Baana Zarami aliketi chini ya mwavuli wa Amiri. Alikuwa mnene sasa, mashavu yameshuka, na miwani ilimning'inia puani. Kilemba kikafungwa, tabaka baada ya tabaka, mpaka akaonekana kama sukari guru. Kisha akasimama kushukuru, kwa lugha ya serikali, maana wageni wa Abuja walikuwapo.

Akasema. P ikatoka p. F ikatoka f. "Wapendwa," alisema, "fahari," alisema, "mapenzi ya wapwa wa mama yangu." Hapakuwa na hata herufi moja iliyopotea njia.

"Mbona anasema vizuri?" Tanko alimnong'oneza Gambo.

Inuwa alitabasamu kidogo, akitazama mbele. "Labda unyoya ulikuwa mrefu."

Gambo alihisi kanzu ya shemeji imemwia kubwa. Miaka yote ile bandani alikuwa amewaambia kwamba Zarami akifa malaika watamsamehe yote isipokuwa p. Akakodoa macho kumtafuta mtoto wa bwenini ndani ya mzee yule, asimwone. Ndipo akaiona karatasi. Jenerali hakuiweka kifuani kama wasomaji wengine. Aliishika juu, karibu kabisa na midomo, na kila p ilipotoka karatasi iliruka, na macho yake yaliiangalia iruke kabla hajaendelea na neno lingine.

Gambo akaanza kusukuma watu.

Siku ya kilemba watani wana haki yao. Mfulani anaweza kumzuia Mkanuri njiani na asimwachie mpaka akombolewe, na Wafulani wengi walikuwa wameshaanza. Jenerali alipandishwa farasi, na msaidizi wake alitembea pembeni na mfuko wa kola, zile kokwa chungu za kutafuna, akimgawia kila mtani mbili ili apishe. Gambo akajitupa mbele, akashika hatamu.

"Mtumwa wangu," alisema, "hupiti."

"Mpe," jenerali alisema bila kumtazama, kama alivyosema kwa wengine wote. Msaidizi akamtia Gambo kola mkononi na kumsukuma kwa kiwiko. Farasi akapiga hatua. Nyuma, mkeka wa Tanko ulishusha pumzi, na mtu mmoja akasema pole, Malam.

Gambo aliziacha kola zikaanguka. Akasema kwa sauti ya karani aliyezoea kushindana na injini ya treni, "Paka wa fundi kapanda paa."

Farasi aliendelea. Kisha hatamu zikavutwa, farasi akasimama akirudisha kichwa nyuma. Jenerali aligeuka taratibu, maana kilemba hakikumruhusu kugeuka upesi. Karatasi ya hotuba ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu, na unyoya haukuwepo.

"Kapuata fanya," alisema.

"Halafu?"

"Kafopuka." Mashavu yakaanza kumtikisika. "Gambo. Muuza maziwa yaliyochacha. Hujafa?"

"Nilikungoja wewe utangulie, Faka, nikaone kama kuna nafasi."

Wageni wa Abuja walitazamana. Askari walitazama mikono yao. Naye jenerali akafanya lile ambalo Gambo aliliahidi bandani bila kujua analoliahidi: alishuka kwenye farasi. Ilichukua watu wanne na muda mrefu, lakini alishuka, akamkumbatia, kilemba kikalegea kikawafunika wote wawili.

Kisha akawageukia watu, mkono begani mwa Gambo, akaingia lugha ya nyumbani.

"Mnamwona huyu? Alikuja shuleni hajui p wala f. Darasa zima linamcheka, maskini, machozi yanamtoka. Mimi Baana nikamwonea huruma. Nikaiba unyoya wa mbuni wa mwalimu, nikamkalisha kitandani jioni baada ya jioni, mpaka ulimi wake ukanyooka. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Watu wakapiga vigelegele. Gambo alifungua mdomo. Alimwona Inuwa kwenye umati, katega sikio, anangoja. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema na yote yalikuwa ya kweli. Lakini Gambo alikuwa fundi wa kazi hii, na fundi anaitambua kazi ya fundi. Aliusikiliza uongo ule kama mtu anayepewa kitambaa akishike: ulikuwa laini, haukuwa na mshono, na unyoya wa kanga ulishakua ukawa wa mbuni. Huwezi kuchana kitambaa kama hicho mbele ya watu.

"Ni kweli, mtani," alisema. "Na mpaka leo nakushukuru."

Njiani kurudi, Inuwa alimfuata mpaka kwenye reli.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyefundishwa."

"Alhaji, tulibishana kama ananijua. Hatukubishana nani kamfundisha nani."

Inuwa alifikiri kidogo. "Kiti ni chako," alisema. Hakuwa mtu wa kuvunja neno. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa sahani ya chakula kwa mbali ikapelekwa kwa jirani.

*

Siku ya pili alasiri, gari lisilo na bendera lilisimama mbele ya banda la Tanko. Jenerali alishuka na fimbo yake, kofia ya kawaida kichwani, dereva akabaki garini.

"Nimesikia kuna chai," alisema.

Gambo alikuwa ameinuka kitini kumlaki, na jenerali akakiona kiti kitupu akakikalia. Hakuuliza ni cha nani. Hakufanya kwa ubaya. Aliketi kama watu wa kazi yake wanavyoketi, akiona kiti kilicho wazi. Mkeka ukapigwa na butwaa. Gambo aliyumbayumba mara moja, kisha akashuka taratibu, akakunja miguu mkekani kati ya wenzake.

"Umekuja peke yako?" alimwuliza.

"Kule Kaduna nina nyumba ya vyumba hata sivijui. Kila anayepita ananiita Mheshimiwa. Mke wangu marehemu, Mungu amrehemu, naye aliniita Mheshimiwa." Akapokea gilasi ya Tanko na kosai, bajia za kunde, juu ya kipande cha gazeti. "Jana uliponiita Faka sikulala. Nimekaa nacheka peke yangu, dereva kadhani nimepata homa."

Wakacheka. Wakaulizana habari za Sule Tumbo, aliyekufa, na za Audu, aliyehamia kando ya bahari, jambo lililowashinda wote kulielewa. Ngano zikaanza kufunguka, moja ya juu, moja ya chini, kila mmoja akimsahihisha mwenziwe kwa uongo mkubwa zaidi, na Tanko akasahau kugeuza mkate juu ya makaa.

Inuwa hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, mikono magotini. Mwisho akasema:

"Jenerali. Mimi naitwa Inuwa. Ulinifukuza kazi redioni, nikiwa nanyoa ndevu."

Tanko alibakiza mkono hewani, chai ikining'inia kati ya vikombe viwili, na inasemekana ilingoja.

"Mwaka gani?" aliuliza jenerali.

"Mwaka mliofukuza walimu."

"Tulifukuza walimu miaka mingi." Alimtazama Inuwa juu ya miwani. "Jina lako lote linaitwaje?"

"Inuwa Garba Nguru."

"Halina p ndani yake. Wala f. Basi sikulikosea."

Mtu mmoja alicheka akajuta. Inuwa hakubadilisha uso.

"Jina hukulikosea," alisema. "Mtu ndiye uliyemkosea."

Jenerali alizungusha gilasi kiganjani, mara moja, mara ya pili. Gambo alijua mzunguko ule. Ndivyo alivyokuwa akiuzungusha unyoya kabla ya kusema.

"Karatasi zilikuwa zinaletwa," alisema hatimaye. "Tangu nilipolikosea tangazo la mapinduzi, nilikuwa nazisoma kwanza peke yangu, nazipigia mstari p zote. Kile nilichokiogopa pale mbele ya kipaza sauti, ndugu yangu, hakikuwa bunduki wala Mungu. Niliogopa kuchekwa. Nilikuwa naangalia herufi. Sikuangalia ni majina ya nani." Akavua miwani, akaifuta. "Hiyo si sababu. Nakwambia tu ilivyokuwa."

"Nilikuwa na wanafunzi wa mtihani mwaka ule," alisema Inuwa.

"Walifaulu?"

"Sijui. Sikuruhusiwa kurudi hata kuchukua miwani yangu."

Jenerali aliweka gilasi chini. Akaishika mikono ya kiti, ile yenye alama ya reli iliyofutika, akajiinua, na safari hii hakuomba msaada wa mtu.

"Njoo ukae hapa," alisema.

Inuwa alimtazama, akakitazama kiti, akamtazama Gambo, mwenye kiti. Gambo akajikuna shingo kana kwamba anaangalia mbuzi kwenye reli.

"Kuanzia lini?" aliuliza Inuwa.

Jenerali aliuachia mkono wa kiti. "Kuanzia sasa hivi," alisema.

Inuwa aliinuka. Alinyoosha kanzu, akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaketi. Aliketi mgongo wima, kama wanavyoketi walimu wakuu siku ya wazazi. Tanko alimpa chai bila kuombwa, akaongeza sukari ya kijiko cha pili. Jenerali, kwa shida na kuguna, alishuka mkekani akajibanza karibu na Gambo, goti kwa goti, kama kwenye kitanda cha chini.

Gambo alilitazama baraza lake. Kiti kimekwenda, tena siku moja tu baada ya kukishinda. Akatafuta moyoni huzuni ya jambo hilo, akapekua kila pembe, hakuiona. Alichokiona ni kwamba mkekani ndiko walikokuwa wasikilizaji, na kwamba miaka yote ile alikuwa akiwasemea kwa mbali.

Akachukua gilasi tupu, akaiweka mbele ya midomo kama kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti nzito. "Serikali imefinduliwa."

"Na mifaka?" aliuliza jenerali.

"Yote imepungwa. Hakuna kuondoka kabla mkate haujaisha."

Hata Inuwa alicheka pale juu, akamwaga chai kidogo kwenye kanzu, asijali. Kisha akainama kutoka kitini, sauti ya darasani ikiwa imelegea.

"Haya, Malam Gambo. Tuambie ule unyoya. Kwani ulikuwa wa kanga au wa mbuni?"

Gambo na jenerali walitazamana.

"Wa kanga," alisema jenerali.

"Wa mbuni," alisema Gambo. "Tena mbuni mwenyewe alikuwa bado yumo ndani yake, anatuuliza twampeleka wapi."